Ukishaacha Ulevi, Jina la Ugonjwa Liangaliwe Upya

Mtu akifikishwa hospitali usiku akiwa amelewa, au akiwa na arosto ya kukosa kilevi alichokizoea, kisha daktari wa zamu akaandika kwenye daftari lake kwamba ana ugonjwa wa akili, hapo hakuna kosa. Daktari ameandika alichokiona. Kosa linakuja baadaye. Miaka miwili imepita, mtu yule hanywi, havuti, amerudi kazini, na lile neno la usiku ule bado liko ukurasa wa kwanza wa daftari. Hakuna aliyelirudia kuuliza kama lingali kweli.

Tunasema lirudiwe. Jina lolote la ugonjwa wa akili alilopewa mtu akiwa kwenye kilevi, au siku chache baada ya kukiacha, lihesabiwe kuwa la muda. Liandikiwe tarehe ya kuangaliwa upya, na tarehe hiyo ikifika mgonjwa aitwe. Kazi hiyo haihitaji mashine, haihitaji jengo jipya, wala haina haja ya kusubiri mfadhili. Inahitaji kalamu na mtaalamu atakayekaa na mgonjwa kwa utulivu akamsikiliza.

Sababu inajulikana na kila aliyewahi kuishi na mlevi nyumba moja. Kilevi kinaiga magonjwa ya akili, tena kinaiga vizuri. Pombe inayonywewa kila siku kwa miezi humfanya mtu akose usingizi, akose hamu ya kula, alie bila sababu, aone maisha hayana maana. Daktari akimwona katika hali hiyo ataandika sonona. Mnywaji mkubwa akikatishwa pombe ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache, anaweza kupata degedege siku ya kwanza au ya pili, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, akaona wadudu wanatambaa ukutani na watu wasiokuwepo. Wapo wanaosikia sauti zinawatukana hata fahamu zao zikiwa timamu, na chanzo ni pombe. Bangi kali humtia mtu shaka kwamba majirani wanamsema na redio inamtaja yeye. Mirungi ikitafunwa usiku na mchana huleta maneno mengi, kutolala na kushuku kila mtu. Arosto ya unga, yaani heroini, ni wasiwasi, hasira na kukesha. Ukimtazama yeyote kati ya hawa kwa dakika kumi tu, ni rahisi kuandika skizofrenia au bipola.

Haya hayakugunduliwa jana. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unasema dalili zilizoletwa na kilevi kwa kawaida hazitegemewi kudumu zaidi ya mwezi mmoja hivi baada ya mtu kuacha. Zikiendelea kupita hapo, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ugonjwa unasimama wenyewe. Mwaka 1988 watafiti wawili wa California walichapisha matokeo ya wanaume 191 waliolazwa ili kuacha pombe, wote wakiwa watu ambao ulevi ndio uliotangulia. Wiki ya kwanza, asilimia 42 walikuwa na dalili nzito za sonona. Wiki ya nne, bila pombe, waliobaki na dalili hizo walikuwa asilimia 6. Fikiria kama wote wangeandikiwa sonona siku ya kwanza, wakapewa vidonge, wakaruhusiwa kwenda nyumbani na jina hilo maisha yao yote.

Fundi cherehani akikupima mguu wako ukiwa umevimba, suruali itakupwaya uvimbe ukishuka. Hakukosea kupima. Ni wewe unayetakiwa kurudi, na yeye anayetakiwa kuchukua futi akupime tena bila kununa.

Kwa nini basi hatupimwi tena? Tuanze na mapokezi, maana huko ndiko mambo yanakoharibika mapema. Kijana anashushwa kwenye bajaji, mikono imefungwa kwa kitenge, mjomba ameshika bega hili na kaka ameshika lile. Muuguzi anauliza: ameanza lini? Mjomba anajibu: tangu juzi, alikuwa mzima kabisa. Gongo ya wiki tatu mfululizo haitajwi, kwa sababu mjomba ni mzee wa kanisa na mama yake kijana yuko pale nyuma analia. Bangi haitajwi, kwa sababu wanaogopa ataitwa mhalifu. Daktari anaandika kwa kufuata alichoambiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuliwa ni kijana, si mjomba aliyeficha. Familia ikisema ukweli siku ile, nusu ya kazi imekwisha.

Ukweli huo haujachelewa hata sasa. Mtu aliyekwisha kuacha anaweza kwenda kliniki ya afya ya akili akiwa na majibu ya maswali manne, na mtaalamu yeyote makini atayapokea kwa mikono miwili.

Swali la kwanza: kipi kilianza? Dalili zilikuwepo kabla ya chupa, au chupa ilitangulia? Mama na dada mkubwa hukumbuka vizuri kuliko mgonjwa mwenyewe. Watakwambia kama mtoto alianza kujitenga na kusema peke yake akiwa darasa la saba, kabla hajaonja kitu, au kama alikuwa mchangamfu hadi alipoanza kukaa kijiweni.

Swali la pili: aliwahi kukaa bila kilevi kwa mwezi au zaidi, na wakati huo alikuwaje? Watu wengi wamewahi. Kuna aliyekaa mahabusu, kuna aliyekuwa shule ya bweni, kuna aliyefunga Ramadhani yote bila kugusa kitu, kuna aliyepelekwa kijijini kwa bibi asikopata pa kununua. Kama alikuwa mzima wakati ule, hilo lina uzito. Kama sauti zilimfuata hadi kwa bibi, hilo nalo lina uzito.

Swali la tatu: katika ndugu wa damu, kuna aliyeugua akili bila kuwa mlevi? Familia zetu huficha habari za shangazi aliyefungiwa chumba cha nyuma. Daktari anazihitaji.

Swali la nne: sasa hivi, bila kilevi, kimebaki nini? Usingizi, hamu ya kula, hasira, sauti, mawazo ya kujiua. Usingizi unaweza kusumbua kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, na hilo peke yake si ugonjwa mpya. Sauti zinazoendelea mwezi wa tatu ni jambo jingine.

Hapohapo mtaalamu aangalie na mwili. Mlevi huanguka, hugonga kichwa, na jeraha la kichwa hubadilisha tabia. Pombe nyingi na chakula kidogo humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu huo huvuruga kumbukumbu na fahamu. Kaswende isiyotibiwa, virusi vya UKIMWI, kifafa na ugonjwa wa tezi ya shingo vyote vinaweza kujitokeza kwa sura ya ugonjwa wa akili. Hivi vina vipimo na vingi vina tiba. Ni aibu mtu kubeba jina la skizofrenia miaka kumi wakati hakuna aliyewahi kumtoa damu.

Sasa tuseme upande wa pili, na tuuseme kwa sauti ileile. Kuuliza kama jina ni sahihi si ruhusa ya kutupa vidonge.

Huko Denmark, watafiti walifuatilia rekodi za watu 6,788 walioambiwa kati ya 1994 na 2014 kwamba wazimu wao umeletwa na kilevi. Karibu theluthi moja walikuja kukutwa na skizofrenia au bipola. Kwa waliopata shida hiyo kutokana na bangi, walikuwa karibu nusu, asilimia 47. Nusu ya waliokuja kuwa na skizofrenia waligundulika ndani ya miaka kama mitatu. Maana yake ni kwamba hata yule anayeambiwa "ilikuwa ni bangi tu" hapaswi kuachiwa aende zake moja kwa moja. Naye arudi aangaliwe, tena kwa miaka kadhaa. Wapo waliokuwa wakinywa ili kunyamazisha sauti, na pombe ikiondoka ugonjwa unabaki wazi. Kwa mtu huyo, kuangaliwa upya si kufutiwa jina. Ni kupata tiba inayomfaa kwa mara ya kwanza, bila pombe kuchafua hesabu.

Kuna kigingi kingine ambacho wengi hawakioni. Mtu ameacha kunywa, na wakati huohuo anameza dawa. Amepata nafuu. Nafuu hiyo imetoka wapi? Yeye atasema ni kuacha pombe, mama yake atasema ni sindano ya mwezi, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi nusunusu. Jibu halipatikani kwa kubishana sebuleni. Linapatikana kwa daktari kupunguza dozi kidogokidogo, dawa moja kwa wakati, huku mgonjwa na ndugu mmoja wakiandika kila wiki usingizi ukoje na mawazo yakoje. Ikiwa dalili zinarudi, dozi inarudishwa na hakuna aliyeshindwa. Ikiwa hazirudi, mnaendelea kushuka. Anayeacha lithiamu ghafla anajiweka kwenye hatari ya kupandwa na ugonjwa kwa nguvu. Anayekatiza ghafla valiumu aliyoizoea anaweza kupata degedege. Anayekatisha dawa za kuzuia sauti anaweza kuonekana mzima wiki kadhaa, kisha akaanguka wakati kila mtu ameshasahau.

Tunajua kwa nini watu huacha kimyakimya. Haloperidoli inakaza taya na kufanya mikono itetemeke hadi chai inamwagika kwenye sahani. Klopromazini inalaza mtu mpaka saa nne asubuhi, na mwenye kibarua cha alfajiri hana namna ya kulala mpaka saa nne. Kuna wanaonenepa hadi nguo zote hazipandi, na kuna wanaoshindwa tendo la ndoa na hawasemi. Malalamiko haya ni ya kweli na yana dawa: dozi hubadilishwa, aina hubadilishwa, kuna vidonge vya kulegeza mkazo. Lakini mgonjwa anayejibiwa kila mara "meza tu, ndiyo kawaida yake" mwisho wake atavitupa chooni na kunyamaza. Hapo kliniki imemfukuza bila kumfukuza.

Nyumba za upataji nafuu nazo zina la kujibu. Tunaziheshimu. Nyumba hizi, ambazo mtaani tunaziita soba hausi, zimewarudisha makwao vijana ambao ndugu zao walikwisha kata tamaa, na nyingi zinaendeshwa na watu waliopita njia hiyohiyo. Lakini katika baadhi yake bado kuna kauli kwamba mwenye kumeza dawa za akili hajawa soba kamili, kwamba amebadilisha kilevi kimoja kwa kingine. Kauli hiyo iachwe leo. Chama cha Walevi Wasiojulikana, kilichoanza Marekani mwaka 1935 na ambacho hatua zake kumi na mbili ndizo zinazofuatwa katika nyumba hizo, kimeandika wazi katika kijitabu chake kuhusu dawa kwamba mwanachama hapaswi kujifanya daktari wa mwenzake. Kama waliotunga hatua wanasema hivyo, sisi tunaozifuata tumepata wapi mamlaka ya kumwambia kijana atupe vidonge?

Kazi ya soba hausi ni nyingine, na hakuna anayeweza kuifanya vizuri kuliko wao. Wanamwona mtu saa ishirini na nne. Wanajua analala saa ngapi, anakula nini, anaongea na nani. Wakiandika hayo kwenye karatasi moja kila wiki na kumpa aende nayo kliniki, daktari atakuwa na habari ambazo hawezi kuzipata kwa dakika kumi za foleni.

Kliniki za methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, hazina hata kisingizio cha kutomwona mtu. Tangu Hospitali ya Muhimbili ilipofungua ya kwanza Februari 2011, utaratibu wa msingi umekuwa uleule: mteja anafika na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Mtu mnayekutana naye hivyo mwezi mzima mnaweza kumwangalia upya kwa urahisi kuliko mgonjwa yeyote nchini. Tena kwao jambo hili ni la haraka zaidi. Karbamazepini, dawa ambayo huandikiwa wenye bipola na kifafa, huharakisha mwili kuimaliza methadoni. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Mteja anapata arosto katikati ya siku, anahangaika, anakesha, anagombana na kila mtu, na asiyejua atasema bipola imepanda na kumwongezea karbamazepini ileile. Kumbe kilichotakiwa ni daktari wa methadoni na daktari wa akili kusoma daftari moja.

Tumesikia jibu la hospitali: watu hawatoshi. Ni kweli madaktari bingwa wa akili ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Lakini mgonjwa huyu tayari anakuja kila mwezi kuchukua dawa. Anakaa kwenye benchi saa tatu, anafikishwa mezani, dozi inaandikwa kama ya mwezi uliopita, anaondoka. Hatuombi ziara ya ziada. Tunaomba ziara moja kati ya zile kumi na mbili za mwaka itumike kuuliza maswali. Daktari msaidizi anaweza kuyauliza. Muuguzi wa afya ya akili wa wilaya anaweza kuyauliza, akaandika majibu, na kumpeleka kwa bingwa yule tu ambaye majibu yake hayalingani na jina alilopewa. Nchi inayolipia dawa za ugonjwa ambao mtu hana, na kumkosesha dawa za ugonjwa alionao, haiokoi chochote.

Jina hili lina bei nje ya hospitali pia. Mtaani mtu akitajiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, stori imekwisha, hata kama Mirembe ni hospitali kama nyingine na watu hutoka huko wazima. Mwenye jina hilo hukatwa kwenye mazungumzo ya mahari. Kikao cha familia kinapogawa shamba, husemwa "huyu atunziwe na kaka yake", na kaka huuza. Mwajiri akilisikia hupata sababu. Kama ugonjwa upo, tupambane na unyanyapaa, na mtu atendewe haki yake akiwa na ugonjwa wake. Kama haupo tena, hakuna sababu ya kumbebesha mtu mzigo usio wake.

Wako pia wanaolikumbatia jina, na hilo nalo tuliseme bila kumwaibisha mtu. Ni rahisi kumwambia mke "nilikupiga kwa sababu ya ugonjwa" kuliko kumwambia "nilikupiga nikiwa nimelewa". Jina likiondolewa, yule aliyeacha pombe anabaki na madeni ya matendo yake, na inabidi ayalipe kwa kuomba radhi na kwa kuishi tofauti. Familia imsaidie katika hilo. Mtu asiachwe peke yake siku anapoambiwa hana ugonjwa, kama tusivyomwacha peke yake siku anapoambiwa anao.

Kwa wewe uliyeacha na unajiuliza kama ulichoambiwa wakati ule bado ni kweli: swali lako ni halali na si dalili ya kiburi. Endelea na dawa zako kama ulivyoandikiwa. Chukua daftari la zamani, hata kama limechanika, usilifiche ukanunua jipya. Andika tarehe uliyoacha. Mchukue mtu mmoja aliyekujua kabla hujaanza. Mwambie daktari hivi: "Nilipoandikiwa hili nilikuwa nakunywa, sasa nina miezi kadhaa sijagusa, naomba niangaliwe upya." Akikujibu kwamba huna haja ya kujua, omba kuonana na mwingine. Ila mawazo ya kujidhuru yakikujia, au ukianza kusikia tena yale uliyokuwa ukiyasikia, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

Na kwa waganga wakuu wa hospitali za mikoa na wilaya: mhuri wa mpira wenye maneno "aangaliwe upya tarehe" na nafasi ya kujaza unachongwa mjini kwa siku moja. Agizeni wiki hii, muuweke kwenye meza ya kila kliniki ya afya ya akili, na mwisho wa kila mwezi mkague ni madaftari mangapi tarehe yake imepita bila mgonjwa kuitwa.